Uzi, sindano na vyuma: vifaa vya Kariakoo kwa anayefuma mikanda, vibanio na hereni za zawadi

Kati ya fedha zote ambazo mfumaji wa kroshia hutumia kuandaa mkanda, kibanio cha nywele au jozi ya hereni za kumpa mtu zawadi, zile zinazokwenda kwenye uzi na kwenye vyuma vya kufungia ndizo ambazo matunda yake huonekana hata baada ya miaka miwili, ilhali zile zinazokwenda kwenye seti kubwa za sindano hupotea bure kwa sehemu kubwa. Huo ndio uamuzi niliofikia baada ya kutumia vifaa vinavyouzwa katika maduka ya ushonaji ya Kariakoo, Dar es Salaam, pamoja na vichache nilivyoletewa na ndugu wanaoishi Ulaya. Sikusudii kufundisha kufuma. Nachukulia kwamba msomaji anajua kutunga mnyororo na kurudi juu yake, au kwamba anataka kumnunulia vifaa mtu anayejua na hajui aanzie rafu ipi.

Wengi wetu tulijifunza kroshia kwa kufuma vitambaa vya makochi na vya meza, na mazoea ya huko ndiyo yanayotupotosha dukani. Kitambaa cha kochi hukaa mahali pake, hufuliwa mara chache, na kikilegea kidogo hakuna anayejua. Mkanda huvutwa na kiuno kinachoinama na kunyanyuka kutwa nzima, kibanio hunyonya mafuta ya nywele, bangili huloa kila mara mwenyewe anaponawa mikono kabla ya kula, na hereni hugusa ngozi yenye jasho katika mji ambao joto la Februari yake sote tunalijua. Kwa sababu hiyo nimekipima kila kifaa kwa swali moja tu, nalo ni kama kitu kilichofumwa nacho kitaendelea kuvaliwa sherehe ikishapita.

Nianze na akriliki, kwa kuwa ndiyo iliyojaa rafuni. Ni nyepesi, rangi zake ni nyingi na hazichuji kwa urahisi, na bei yake humruhusu anayejifunza kuharibu donge zima bila kusononeka. Kwa kofia ya mtoto, au kwa sweta la kuvaliwa Njombe mwezi wa saba, inafaa sana. Kwa mkanda haifai. Mfumo wa akriliki huvutika na kurudi nusu tu, hivi kwamba mkanda uliokaa vizuri kiunoni asubuhi huwa umeshuka hadi nyonga ifikapo jioni, na pale mkono unaposugua kiuno uzi huanza kutoa vidonge vidogo vya manyoya ambavyo haviondoki hata ukifua vipi. Tena akriliki ni jamii ya plastiki, na pasi ya moto huilaza moja kwa moja. Wapo wanaofanya hivyo makusudi ili shali ipate mlegeo, lakini mkanda uliolazwa namna hiyo huwa umeisha.

Uzi wa pili kwa wingi ni ule laini, mnene kiasi, wa rangi za kupendeza macho, unaouzwa katika madonge ya gramu 50 na ambao wauzaji huuita milk cotton. Jina hilo humfanya mnunuzi aamini kwamba ameshika pamba tupu, na mara nyingi sivyo. Ndani yake huwamo akriliki, kwa kiwango kinachotofautiana baina ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na lebo nyingi hazikitaji au hukitaja kwa maandishi ambayo wengi wetu hatuwezi kuyasoma. Njia ya kujua ni kiberiti. Omba kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kisha ukiwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha majivu laini yanayosambaratika ukiyagusa. Akriliki huyeyuka huku ikiwaka, hutoa moshi mweusi na huacha tone gumu jeusi lisilovunjika kwa vidole. Uzi wa mchanganyiko huacha dalili za vyote viwili. Wauzaji wengi hawakatai kukukatia kipande, na anayekataa amekwisha kujibu swali. Hata hivyo nisiulaumu uzi huu kupita kiasi, kwa sababu kwa mipira ya nywele, ambako ulaini unahitajika zaidi kuliko ugumu, ndio ninaoutumia mpaka sasa.

Kwa mkanda na kwa vito, uzi ninaoupendekeza bila kusita ni wa pamba iliyotiwa dawa ya mng'ao, ambayo kwenye lebo huandikwa mercerised au mercerized. Mwingereza John Mercer aligundua mwaka 1844 kwamba pamba ikitumbukizwa katika maji makali ya sodiamu haidroksaidi hunenepa, huongezeka nguvu na hupokea rangi vizuri zaidi. Baadaye katika karne hiyohiyo, Horace Lowe aliongeza hatua ya kuuvuta uzi usinywee ukiwa ndani ya dawa, na hapo ndipo mng'ao unaokaribia ule wa hariri ulipopatikana. Faida yake unaihisi tangu safu ya kwanza: uzi huteleza kwenye sindano bila kugawanyika nyuzinyuzi, kitanzi hukaa pale ulipokiweka, na mshono huonekana wazi hata kwa mtu aliyesimama hatua kadhaa mbali.

Katika kundi hilo nimelinganisha uzi wa DMC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1746 huko Mulhouse, mji ambao leo uko Ufaransa, na uzi wa pamba usio na jina unaouzwa kwa madonge au kwa kupimwa kwenye mizani. DMC Petra namba 3 ina mita 280 katika gramu 100, na namba 5 ina mita 400 katika uzito huohuo. Namba inapokuwa kubwa, uzi huwa mwembamba, jambo linalowachanganya wanunuzi wapya waliozoea kuona kubwa ikimaanisha nene. Namba 3 ni nzuri kwa mkanda, namba 5 kwa hereni na vidani. Umesokotwa kwa kukazwa, rangi zake zina namba maalumu, na donge utakalonunua mwakani litalandana na la leo kiasi cha kutosha. Kasoro yake kwetu ni upatikanaji: Dar es Salaam huupati kila duka, na ukiupata bei yake ni mara kadhaa ya bei ya ule usio na jina.

Huo usio na jina si mbaya. Uzi niliouchoma na kuuthibitisha kuwa pamba tupu umenifumia mikanda ambayo bado inavaliwa. Ila una mambo mawili yanayohitaji tahadhari. La kwanza, rangi hubadilika kutoka shehena hadi shehena, kwa hiyo nunua uzi wote wa kazi yako siku moja, ukiongeza donge moja la akiba. Kahawia ya mwezi huu na kahawia ya mwezi ujao zinaweza kuwa ndugu wa mbali. La pili, nyekundu nzito, buluu ya usiku na nyeusi huchuja. Lowesha kipande cha uzi kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, kikandamize kwa kitu kizito usiku kucha, na asubuhi kitambaa kitakueleza kama mkanda huo unaweza kufungwa juu ya gauni jeupe la bibi harusi. Inasikitisha, nikizungumza kwa kifupi, kwamba nchi inayolima pamba yote ile ya Kanda ya Ziwa na kuisafirisha sehemu yake kubwa ikiwa bado marobota, inamlazimu mfumaji wake kutegemea uzi wa kuagizwa.

Tuje kwenye mkanda wenyewe, ambao ndio mtihani mgumu kuliko yote. Pamba hairudi kama lastiki, ikivutika imevutika. Mambo matatu yanapunguza tatizo hilo, na yote yanahusu ununuzi kama yanavyohusu ufumaji. Kwanza ni kutumia sindano ndogo kuliko ile inayopendekezwa kwenye lebo, ili mishono mifupi ibanane kiasi kwamba ukiushika mkanda juu ya taa huoni vitundu vya mwanga. Pili ni kufuma kwa urefu, yaani kuanza na mnyororo mrefu unaolingana na mkanda mzima na kwenda nao safu chache, badala ya kufuma safu fupifupi zinazopandana. Mkanda wa safu fupi huonekana nadhifu mezani lakini hurefuka haraka kiunoni. Tatu ni kushonea utepe mgumu kwa nyuma, ule ambao mafundi cherehani hutumia kiunoni mwa sketi. Utepe huo ni wa bei ndogo sana, haukosekani Kariakoo, na ndio unaobeba mvuto wote huku kroshia ikibaki kazi ya urembo. Kuna watakaosema kwamba mkanda wenye utepe si wa kroshia tupu. Mimi nasema aliyepewa zawadi hana haja na usafi wa aina hiyo.

Bizimu nazo zinatofautiana kuliko zinavyoonekana. Zile za plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu ni nyepesi na hazipati kutu, lakini rangi hubanduka pembeni kwanza, mahali uzi unaposugua, na unga wake wa kijivu huingia ndani ya pamba nyeupe na kukaa humo. Zile za chuma kilichochovywa ni nzito, zinapendeza, na kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu hazidumu bila kutoa madoa ya kutu kama mkanda utahifadhiwa ukiwa na unyevu. Ninachokichagua ni pete mbili za umbo la D, za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu, ambazo mkanda hupita kati yake na kujikaza wenyewe. Hazitoboi mfumo kama ulimi wa bizimu unavyofanya, na zaidi ya hapo zinamfaa mtu ambaye hukumpima kiuno, jambo muhimu kwa zawadi ambayo hukutaka mwenyewe aijue mapema. Pasipo pete hizo, kamba ya kufunga kwa fundo yenye shanga mwishoni inatosha kabisa na haina cha kuharibika.

Mapambo ya nywele ni rahisi zaidi, ingawa mengi yanayofumwa kwa kufuata michoro ya kigeni hayakubuniwa kwa nywele zetu. Bendi ya kichwani kwa mtu mzima hufumwa pungufu ya mzingo wa kichwa kwa sentimita chache, kwa kuwa itavutika, na mzingo wa kichwa cha mwanamke huwa takribani sentimita 55 hadi 57. Hesabu hiyo haimhusu aliyesuka rasta nene au aliyeachia afro. Kwake kipimo hicho kitaminya, kitateleza nyuma na kuishia kwenye droo. Afadhali kufuma bendi yenye lastiki pana upande wa kisogoni, au yenye mikia miwili ya kufunga kama kilemba. La pili ni msuguano. Pamba na akriliki zote hukwaruza nywele za asili na kunyonya mafuta yake, hasa kwenye nywele changa za mbele, na ndiyo maana bitana ya satini ndani ya bendi au ya kofia ya kulalia si anasa. Robo mita ya satini hutosha kwa bendi nyingi, na mshono wake wa mkono hauonekani.

Kwa mipira ya nywele, kroshia hufumwa moja kwa moja juu ya mpira wa kawaida. Nunua ile isiyo na kiungio cha chuma, kwa sababu kile kichuma hukata nywele na pia hukata uzi wako kwa ndani. Kuhusu vibanio, kile kibanio bapa cha chuma kinachofungwa kwa kubonyeza hadi kisikike hushika kazi ya kroshia vizuri kuliko kibanio cha mamba, lakini gundi peke yake haitoshi kukiunganisha. Ukipitisha uzi kwenye vitundu vya kibanio na kukishonea, hakitaachia. Gundi ya moto inayouzwa kwa vijiti nimeiona ikilainika ndani ya gari lililoachwa juani, na ua zuri la kufuma likaangukia kitini.

Kwenye vito, yaani hereni, vidani, bangili na vikuku, nitakaa kidogo kwenye chuma kabla ya uzi. Vyuma vya kuning'inizia hereni vinavyouzwa kwa mafungu ya bei nafuu mara nyingi vina nikeli, na nikeli ni miongoni mwa visababishi vya kawaida vya mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa chuma kinachopita katika tundu la sikio: kisiachie zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki. Katika fungu lisilo na lebo huna namna ya kulijua hilo, na sumaku haikusaidii sana. Lipia ziada upate vyuma vilivyoandikwa fedha 925 au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L. Ukilinganisha na saa zinazotumika kufuma jozi moja, ziada hiyo ni ndogo, na mtu ambaye masikio yake yamewasha mara moja hatazivaa tena hereni zako hata kama anakupenda vipi.

Hereni za duara, za majani na za maua zinahitaji kukazwa ili zisijikunje. Zipo njia tatu zinazotumika: wanga, maji ya sukari, na gundi nyeupe ya shule iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Wanga hutoa sura nzuri kuliko zote siku ya kwanza, lakini unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Unguja huulegeza, na hereni iliyosimama kama sarafu huanza kujipinda ukingoni. Sukari ndiyo njia ya wazee na inakaza kwelikweli, ila huita sisimizi, na hereni zilizowekwa juu ya kabati la vyombo zitageuka sherehe ya watu wengine. Gundi ndiyo niliyobaki nayo. Ipake kwa brashi upande wa nyuma tu, ubandike kazi kwa pini juu ya kipande cha sponji kilichofunikwa nailoni, na uiache ikauke kivulini. Upande wa mbele hubaki na mng'ao wake wa pamba, na kazi haiwi na ule ugumu wa karatasi.

Shanga huipa kroshia ya vito uzito inaouhitaji, maana kidani cha uzi mtupu hurushwa na upepo. Hutungwa zote kwenye uzi kabla ya kuanza kufuma, kisha husogezwa moja moja hadi kwenye mshono unaohusika, hivyo shanga iliyotungwa mwisho ndiyo itakayofumwa kwanza, na mchoro wenye rangi nyingi lazima usomwe kinyumenyume. Hapa ubora wa shanga si suala la urembo pekee. Shanga za kioo za Jamhuri ya Czech, ambazo Wamasai wa Kenya na Tanzania wamezitumia kwa vizazi, zina matundu yanayolingana kiasi cha kutosha. Zile za bei ya chini kabisa huwa na nyingine zilizoziba nusu na nyingine zenye ukingo mkali unaokata uzi wiki chache baada ya zawadi kutolewa. Ukubwa wa 8/0, ambao ni takribani milimita 3, unapita vizuri kwenye uzi wa pamba wa kudarizia namba 8. Kwa uzi mnene zaidi panda hadi 6/0.

Nimeziacha sindano mwisho kwa makusudi. Seti zenye sindano za alumini kuanzia milimita 2 hadi 8, zenye vishikio vya rangirangi na mfuko wa zipu, zinauzwa kila mahali na zinapendeza kama zawadi kwa anayeanza. Kwa kazi tunazozungumzia hapa, anayefuma mikanda na hereni kwa uzi wa pamba atatumia milimita 2, 2.5 na 3, na zilizobaki zitalala mfukoni. Isitoshe, katika seti za bei rahisi ni hizo ndogo ndizo zenye kasoro zaidi: mdomo wa kulabu huachwa na makali yasiyosuguliwa ambayo huinasa pamba na kuitoa manyoya. Pitisha mdomo wa sindano juu ya soksi nyembamba ya nailoni, ikikwaruza, irudishe. Sindano za Clover Amour za Japani, zenye kishikio laini na pahali pa kuegeshea kidole gumba, ni ghali, lakini huuzwa pia moja moja, na mtu anayefuma mishono iliyokazwa kwa saa nyingi ataihisi tofauti kwenye kifundo cha mkono. Moja ya milimita 2.5 inatosha kuanzia. Fedha iliyobaki inunue uzi.

Kwa msomaji ambaye hafumi na anataka tu kununua zawadi iliyo tayari, ajue kwanza kwamba kroshia halisi haifumwi kwa mashine. Vitu vya dukani vinavyoifanana kwa mbali mara nyingi ni vya mfumo wa mashine unaoiga sura yake, na ukivitazama kwa nyuma utaona safu za vitanzi zilizonyooka mno. Kwa hiyo mkanda wa kroshia unaouzwa kwa bei ya chupa mbili za soda ama umefumwa na mtu aliyepunjwa, ama si wa kroshia. Ukimwagiza fundi, mwulize uzi ni wa nini, vuta mkanda wa mfano kwa mikono miwili uone unarudi kiasi gani, tazama ncha za uzi zimefichwaje nyuma, na uliza kama bizimu inabadilishika. Fundi ninayemtumia mimi, wakati mikono yangu haitoshi, hujibu maswali hayo kabla hujayamaliza. Nimemwagiza mkanda wa rangi ya udongo kwa ajili ya harusi ya Oktoba, wenye pete za D na utepe kwa nyuma, naye amekwisha kunionya kwamba nikimpelekea akriliki atairudisha na mfuko wake.